Popo wamepungua shambani? Anza na mwezi, malizia na dari

Asubuhi moja mama mmoja mwenye majaruba ya mpunga jirani na yangu alinisimamisha njiani. "Baba Neema, hivi wale popo wako wamehamia wapi? Jana nimekaa mpaka saa mbili usiku, sijaona hata mmoja."

Popo wangu! Kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa juu ya tuta jioni na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mkononi nikitazama angani, basi popo wa kitongoji kizima wamekuwa wangu. Na mama alikuwa ameshampata mkosaji: mwenye shamba la nyanya kule juu, aliyepiga dawa siku mbili kabla.

Nikamuuliza swali moja tu. "Mama, mwezi umeandama lini?"

"Juzi."

Jioni ile tukashuka naye hadi ufukweni, mwendo wa dakika kumi na tano hivi kutoka mashambani kwetu huku Magu, upande wa Ghuba ya Speke. Popo walikuwa pale, wanakata juu ya maji na matete huku na huko. Mwenye nyanya hakuwa na hatia yoyote, walau kwa siku ile.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kosa la yule mama ndilo tunalofanya wengi. Popo wakipungua juu ya shamba, tunakimbilia sababu kubwa na za miaka mingi: sumu, kukatwa kwa miti, kuhama moja kwa moja. Mimi nashauri uende kinyume. Chunguza kwanza kinachobadilika kwa usiku mmoja, kisha kinachobadilika kwa msimu, na mwisho kabisa kinachobadilika kwa miaka. Na kwa sisi tunaolima kando ya Ziwa Victoria, mshukiwa wa kwanza ni ziwa lenyewe.

Kabla ya yote: una hakika unahesabu popo?

Popo wako makundi mawili, na watu wanawachanganya kila siku. Kuna wala matunda, wakubwa, sura kama ya mbwa mdogo, wanaopiga mabawa polepole na kutegemea macho na pua. Hao wanaenda kwenye maembe, mipera na mitini ya porini. Ukiona mapapai yametobolewa usiku, ni wao, na shida hiyo haihusiani na tunachozungumza hapa. Wanaotuhusu ni wala wadudu, wadogo, wanaotafuta chakula kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake.

Hata hao wala wadudu si wamoja. Wanaoonekana zaidi juu ya mashamba yaliyo wazi ni popo wa mkia huru, ambao mkia wao unachomoza nje ya ngozi ya bawa kama wa panya. Mabawa yao ni membamba, wanaruka kasi na juu, na ndio hao wanaokaa chini ya mabati yetu. Wengine wana mabawa mapana na pua yenye mikunjo kama jani. Hao huruka taratibu, chini chini, kati ya matawi. Kumbuka tofauti hii, maana karibu kila dalili nitakayoitaja itategemea unamzungumzia nani.

Halafu kuna mbayuwayu. Jua likielekea kuzama, anga ya shamba la mpunga inaweza kuwa imejaa mbayuwayu, na mtu akaandika "popo hamsini". Mbayuwayu hupiga mabawa kisha huteleza hewani ameyatuliza. Popo hatulii, anapiga mabawa muda wote na anakata kona kali ghafla.

Namna ya kuhesabu haina gharama. Kaa mahali palepale, anza jua linapozama, kwetu huwa karibu na saa moja jioni, na uhesabu nusu saa. Hesabu mapito, usihesabu popo, kwa sababu mmoja anaweza kupita mara ishirini na gizani huwezi kumtambua. Andika tarehe, umri wa mwezi, upepo, mvua, na kama kuna aliyepiga dawa. Usitoe hukumu kwa usiku mmoja. Na usihesabu saa tano usiku ukalia kwamba wamekwisha: wingi wao uko saa za kwanza baada ya giza kuingia, kisha hupungua, kisha huja tena kidogo kabla ya alfajiri.

Tofautisha pia anayepita na anayekula. Watafiti hutumia vinasa sauti kama AudioMoth, maana sikio la mtu huishia kwenye kilohezi 20 hivi na popo wengi hupiga juu ya hapo. Popo anapomkaribia mdudu, milio yake huharakishwa hadi inakuwa mvumo mmoja, na kwa mvumo huo wanajua hapa kuna anayekula. Sisi tusio na kinasa tunatazama mwendo: anayekwenda moja kwa moja anasafiri, anayepinduka na kujirusha chini amepata kitu. Baadhi ya popo wa mkia huru wakubwa hupiga sauti ya chini kiasi cha kusikika na watoto. Mwanangu huwasikia, mimi umri umeshanipita.

"Wiki iliyopita walijaa, wiki hii hakuna"

Dalili hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na mara nyingi si tatizo.

Sababu ya kwanza, ziwa limeweka karamu. Kila aliyekaa Mwanza anawajua wale vijidudu wanaopanda juu ya maji kama moshi, nguzo na nguzo, na upepo ukigeuka wanaingia mpaka kwenye sufuria ya ugali. Hawaumi. Viluwiluwi vyao hukaa kwenye tope la chini ya ziwa, na wanapokomaa hutoka kwa pamoja. Kutoka huko kunafuata mwezi. Watafiti waliofanya kazi Jinja, upande wa Uganda, miaka ya 1950 walionyesha kwamba jamii moja kubwa ya vijidudu hao, Chaoborus, hutoka kwa wingi siku zinazozunguka mwezi mwandamo. Yaani giza likiwa nene, chakula cha bure kinafumuka ziwani. Popo wa mkia huru kwake kilomita mbili tatu si safari. Kwa nini ahangaike na nondo wako wachache?

Ndiyo maana kalenda yangu ya popo naichukua kwa wavuvi wa dagaa. Wao hufanya kazi wakati wa giza na hupumzika mbalamwezi inapotawala, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa mwezi uking'aa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, na taa hizo huvuta pia vijidudu. Ukiona taa zimejipanga ziwani kama mji na juu ya shamba lako kumetulia, weka mambo hayo mawili pamoja. Kipimo chake ni kile tulichofanya na yule mama: shuka ufukweni ukatazame. Wakiwa huko, rudi nyumbani ukalale.

Usije ukadhani mbalamwezi basi ni zamu ya shamba. Ziwa hilohilo lina mdudu mwingine, Povilla adusta, mwenye mabawa meupe yanayong'aa, ambaye watoto wake hutoboa mbao za mitumbwi na mashina ya mafunjo yaliyo majini. Huyo hutoka kwa wingi siku moja mbili baada ya mwezi mpevu na hufa usiku uleule. Kwa hiyo ufukwe una karamu mbili kwa mwezi, na shamba la karibu na maji litaonyesha mashimo mawili kwenye daftari.

Sababu ya pili ni mwanga wa mwezi wenyewe. Baadhi ya popo wa nchi za joto hukwepa mahali peupe mwezi ukiwa mkali. Bundi anawaona kirahisi, na wadudu nao hubadili mwendo wao. Wanaokwepa zaidi ni wale waendao taratibu. Wale wa kasi wanaoruka juu hawajali sana. Kipimo: acha kutazama katikati ya shamba, tazama kivuli cha miembe na minyaa. Au subiri wingu lifunike mwezi uone kama watatoka.

Upepo ni sababu ya tatu. Mchana hapa upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kati ya pande hizo mbili, jioni, huwa kuna utulivu, na utulivu huo ndio meza ya popo. Siku upepo wa ziwani ukikataa kufa, wadudu wadogo hawainuki na popo hawana cha kufuata. Usitafute kifaa. Kama majani ya mgomba yanapigana bado saa moja na nusu jioni, umeshapata jibu. Siku kama hizo huwa nawapata upande wa kusini wa ukuta wa miti, palipokingwa.

Mvua kubwa huwafungia ndani, hilo halihitaji maelezo. Popo aliyelowa hupoteza joto na kelele ya matone inamvurugia mwangwi. Lakini mvua ikikatika saa moja, ukiwa na subira utaona jioni nzuri kuliko zote. Hasa mvua za kwanza za vuli, Oktoba au Novemba, kumbikumbi wanapotoka. Usiku huo shamba lenye vichuguu linapata popo wote na la jirani halipati hata mmoja. Watoto nao wako palepale na ndoo na taa, wanagombania riziki na popo. Usiku wa kumbikumbi usiuingize kwenye wastani wako, utakudanganya mwaka mzima.

Vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani vitakuambia upime baridi. Ni kweli huko, ambako usiku wa baridi unazima wadudu kabisa. Kwetu, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na maji ya ziwa yakitunza joto, ruka hatua hiyo.

"Wanapita juu juu, hawashuki"

Umeona popo wa mkia huru, na hivyo ndivyo wanavyokula. Mabawa membamba hayawezi kugeuka ndani ya mahindi, yanahitaji anga. Eswatini, watafiti walipowafuatilia kwa redio popo wa aina hii wanaokaa kwenye mapaa, waligundua kwamba walipendelea kwenda kula juu ya mashamba ya miwa kuliko porini. Kwa hiyo popo wa juu si popo asiye na kazi. Nondo wengi waharibifu, akiwemo yule wa kiwavijeshi vamizi, husafiri usiku kwa urefu huohuo.

Ukimwona anashuka mpaka usawa wa maji kwenye lambo, akagusa na kupanda tena, huyo anakunywa. Popo hunywa akiwa hewani, na anahitaji uso wa maji ulio wazi kama njia ya ndege. Lambo lililofunikwa na magugu maji kwake ni kama halipo. Tulisafisha letu kwa ajili ya ng'ombe, na jioni ya pili popo wakaanza kulitumia. Hiyo ni moja ya kazi chache ambazo matokeo yake utayaona wiki hiyohiyo.

"Mpakani wamejaa, katikati hakuna"

Hapa sasa tunaingia kwenye mambo ya msimu na ya mikono yetu.

Popo wengi wadogo hutembea kwa kufuata kitu: safu ya miti, uzio wa minyaa, kingo za mto. Mwangwi wa vitu hivyo ndio barabara yao. Na wadudu nao hujikusanya upande usio na upepo wa safu hiyo. Kwa hiyo ukihesabu kwenye minyaa utapata wengi, ukihesabu katikati ya ekari kumi za pamba tupu utapata wale wa juu tu. Shamba likizidi kuwa kubwa na jeupe, katikati yake inazidi kuwa ya popo wa aina moja.

Jiulize: nini kimekatwa? Mara nyingi ni uzio. Mtu amenunua shamba, ameng'oa minyaa, ameweka nguzo na waya. Waya haurudishi mwangwi wa maana wala hauzuii upepo. Kama uzio uliong'olewa ndio uliounganisha kijiji, palipo na mapaa, na mashamba, basi umekata barabara, na popo wa mabawa mapana ndio watakaopotea kwanza. Hapa kwetu Usukumani tuna bahati ya ngitili, yale maeneo ya malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wale kiangazi. Ngitili yenye miti iliyobaki kati ya kijiji na majaruba ni kituo cha popo bila mtu yeyote kupanga.

Dawa yake ni kurudisha mstari, hata wa miti mifupi, uunganishe nyumba na shamba. Sitakuambia upande miti katikati ya mpunga. Nimeshaona ushauri huo ukitolewa na mtu ambaye hajawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri kufukuza kwelea kwelea, wale ndege wanaomaliza mpunga. Miti katikati ya majaruba ni kitanda cha kwelea kwelea, na hasara yao ya siku tatu huwezi kuifidia kwa popo wa mwaka. Weka mstari wako pembeni, upande wa kijijini.

Zizi nalo linafanya kazi ya mpaka. Mbolea mbichi ina mbawakawa na nzi, na popo wanalijua. Ukitaka kuhakikisha kwamba popo bado wapo mtaani siku ambayo shamba limekauka, kahesabu juu ya zizi. Majaruba yakiwa na maji, viluwiluwi wanaangua na popo wanarudi juu yake. Yakikaushwa kwa ajili ya mavuno, wanaondoka. Hilo usilitafutie mchawi.

"Wanazunguka taa ya kwenye mashine tu"

Taa huvuta wadudu kutoka shambani na kuwarundika mahali pamoja. Popo wa kasi hufuata, na ukisimama hapo utadhani kijiji kina popo kuliko nchi nzima. Lakini wale wa mabawa mapana hukimbia mwanga, na taa ikiwekwa kwenye njia yao wanaweza kuacha kupita kabisa. Matokeo yake shamba nyuma ya taa linabaki bila wadudu warukao na bila popo, huku viwavi waliokwisha anguliwa wakiendelea kula.

Zima taa usiku mbili, hesabu shambani, washa tena. Kama huwezi kuizima kwa sababu ya wezi, igeuze itazame chini na uichague yenye mwanga wa manjano. Taa za zamani za zebaki zilikuwa zinavuta wadudu vibaya sana kwa sababu ya mionzi isiyoonekana na macho yetu. Za LED zina mionzi hiyo kidogo.

"Popo tele, na viwavi tele"

Malalamiko haya yana haki. Yanatokana na kutarajia kitu ambacho popo hakifanyi.

Popo anakula nondo, hamli kiwavi aliyejichimbia kwenye moyo wa mhindi. Tangu kiwavijeshi vamizi aingie Tanzania, mwaka 2017, tumejifunza kwamba nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Aliyeliwa leo ni mayai ambayo hayatatagwa, lakini yaliyotagwa wiki iliyopita yanaangua kwa siku chache tu na popo hana la kuyafanya. Ukiona popo wengi na viwavi wengi kwa pamoja, inawezekana kabisa popo wamekuja kwa sababu nondo ni wengi. Wao ni dalili ya mlipuko, hawajauleta wala hawajaumaliza. Kwangu popo wakiongezeka ghafla juu ya mahindi machanga bila mwezi wala mvua kueleza kitu, kesho yake naingia shambani kufunua majani na kutafuta mayai. Ni kengele nzuri kuliko nyingi za kununua.

Jambo lingine: nondo wengi wana masikio. Wakisikia popo hujiangusha chini au kugeuza njia. Hata usiku popo wasipomkamata, kuwepo kwao kunamvurugia kazi ya kutafuta mwenzi na kutaga.

Je, wanasaidia kweli? Jimbo la Illinois, Marekani, watafiti walifunika sehemu za shamba la mahindi kwa nyavu usiku tu, wakazifunua mchana ili ndege waingie kama kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha viwavi wengi zaidi na punje zilizoharibika zaidi pale popo walipozuiwa. Kwenye mpunga, bonde la mto Ebro kule Hispania waliweka viota vya mbao vya popo kandokando ya mashamba na wakaona funza wa mashina ya mpunga wakipungua. Sisemi uache kukagua shamba. Bibi shamba akikuambia kiwango cha kupiga dawa kimefikiwa, piga. Ila usipige kwa tarehe tu, kwa kuwa chupa zimeshachukuliwa AMCOS, chama cha ushirika wa wakulima, na zinakaa.

"Mwaka hadi mwaka wanapungua"

Umefika hapa baada ya kulinganisha usiku unaofanana, mwezi wa umri uleule, msimu uleule, na bado namba zinashuka? Basi sasa ndiyo zamu ya sababu kubwa, na ya kwanza kuitafuta ni malazi.

Zunguka kitongoji uulize. Nani ameezua bati la zamani akaweka jipya na kuziba kingo kwa sementi? Mwembe gani mkubwa wenye pango umekuwa mkaa? Na hapa Mwanza kuna moja ambalo wengi hawalifikirii: mawe. Majabali yetu, haya yaliyoupa mji sifa ya kuitwa jiji la miamba, yana nyufa, na nyufa ni nyumba za popo. Kila jabali linalopasuliwa kuwa kokoto linaweza kuwa limebomoa kijiji kizima chao. Sisemi watu wasile. Nasema ukitafuta popo waliopotea, sikiliza pia nyundo zinalia wapi.

Malazi yakiwa yapo, ndipo utazame dawa. Inapunguza popo kwa njia mbili: inamaliza chakula chao, na wanaokula wadudu waliougua hujikusanyia sumu mwilini. Popo wengi huzaa mtoto mmoja kwa mara, kwa hiyo kundi likipigwa halirudi haraka kama panya. Dalili inayonifanya nishuku dawa ni hii: zizini wapo, ziwani wapo, mwezi haujabadilika, ila juu ya shamba moja hawapiti, na mbayuwayu nao wameliacha. Wote wawili wakisusa mahali pamoja, hakuna wadudu warukao hapo.

"Nawapenda shambani, siwataki darini"

Hili naliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloua popo wa kitongoji kuliko jingine, na kwa sababu watu wana hofu ambayo si ya bure. Mkoa jirani wa Kagera ulipata mlipuko wa Marburg Machi 2023, na mwingine ukatangazwa Januari 2025 huko Biharamulo. Virusi hivyo hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni, si kwa hawa wadogo wa chini ya bati. Hata hivyo usiingie mapangoni, usiokote popo wa aina yoyote kwa mkono mtupu, na uwaonye watoto. Akikung'ata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kinyesi cha darini usikifagie kikavu. Kilowanishe kwanza, funga pua na mdomo, maana vumbi lake linaweza kubeba kuvu wa mapafu. Kikishaoza vizuri ni mbolea nzuri ya mchicha.

Ukitaka watoke, usiwafukize moshi na usimwage dawa ya mbu. Watakufa ndani ya kuta na utanuka nao wiki mbili. Kwanza watengenezee pa kwenda: sanduku la mbao zisizopakwa dawa ya mchwa, ndani pakwaruze ili wapate pa kushika, nafasi kati ya mbao sentimita 2 hivi, mlango uwe chini, na ulitundike ukutani juu ya mita nne pasipofikiwa na paka. Subiri kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa wengi huzaa wakati wa mvua na mtoto asiyeruka akifungiwa ndani atakufa. Jioni simama nje uone wanatokea tundu lipi. Juu ya tundu hilo ning'iniza kipande cha chandarua kizito, kimefungwa juu na pembeni, chini kiko wazi: anayetoka anateleza chini yake, anayerudi haoni pa kuingilia. Matundu mengine yote ziba mchana huohuo. Kaa nje kila jioni uhesabu, kama ulivyohesabu shambani. Zikipita jioni tano bila hata mmoja kutoka, toa chandarua, chungulia kwa tochi, kisha ziba na la mwisho.